Juu ya Rufani za Askari Walionyimwa Malipo ya Vilema Vyao



Katika kazi yetu ya ukarani hakuna barua iliyo rahisi kuandika kuliko barua ya kukataa. Maneno yake yamo tayari katika faili. Karani hubadili jina, namba na tarehe, mkubwa hutia sahihi, na tarishi huipeleka posta. Aipokeaye ndiye aonaye uzito wake. Leo twataka kunena juu ya barua za namna hiyo ambazo Idara ya Mambo ya Askari wa Zamani ya Marekani huwapelekea watu walioomba malipo kwa ajili ya vilema na maradhi waliyoyapata jeshini, na ambao wamejibiwa kwamba ombi lao halikukubaliwa.

Yamkini msomaji atauliza, Marekani yatuhusu nini sisi? Twajibu kwamba vijana wa kwetu wamo humo. Mwaka 2009 jeshi la nchi ile lilianza kuandikisha wageni wasiokuwa raia, waliojua lugha ambazo jeshi lilizihitaji, na Kiswahili kilikuwamo katika orodha ya lugha hizo. Mpango ule ulisimamishwa mwaka 2016, lakini walioingia waliingia, na wengine wa kwetu waliingia kwa njia ya kawaida. Tena sheria ya Marekani haimnyimi mtu malipo ya kilema kwa sababu anakaa nje ya nchi hiyo. Aliyetumika akaachiwa kwa heshima aweza kulipwa akiwa Eldoret au Moshi. Na hata kama pasingalikuwa na kijana wetu hata mmoja, jambo hili lingetuhusu kwa kuwa waliamuao ni watu wa kalamu kama sisi. Yule askari hakunyimwa na jemadari. Amenyimwa na faili.

Basi kwanza tutazame sheria yenyewe yataka nini. Mwombaji yampasa aonyeshe kwamba ana maradhi au kilema sasa hivi. Kwamba palitokea jambo alipokuwa jeshini, kama vile jeraha, ugonjwa, au kukaa karibu na kitu chenye sumu. Na kwamba kipo kiungo kati ya lile la zamani na hili la sasa. Madai mengi huanguka katika kiungo. Mtu ana mgongo ulioharibika, na daftari la hospitali ya jeshi laonyesha kwamba alianguka kutoka katika gari. Lakini hakuna daktari aliyeandika kwamba mgongo umeharibika kwa ajili ya anguko lile. Mwenyewe aona jambo li wazi kama jua, naye hawezi kufahamu kwa nini karani halioni. Karani hana ruhusa ya kuliona mpaka liandikwe.

Lakini sheria hiyohiyo ina fungu moja la huruma ambalo twalipenda sana. Ushahidi wa pande mbili ukilingana kama mizani iliyotulia, askari ndiye ashindaye. Hatakiwi kuzidi, yatosha asipungue. Mwaka 1990 mahakama ya rufani za askari, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1988, ililieleza fungu hilo kwa mfano wa mchezo wa besiboli, ambamo mpira na mkimbiaji wakifika pamoja, mkimbiaji huhesabiwa kuwa amefika. Kwa hiyo daktari anayeandika cheti hana haja ya kuapa kwamba hana shaka yoyote. Akiandika kwamba yamkini ugonjwa umetokana na jeshi kwa kadiri ileile yamkini haukutokana nalo, mizani imelingana na mtu wake apata haki. Akiandika tu kwamba “huenda” au “si ajabu”, amempa mgonjwa wake karatasi isiyofaa kitu. Tumeona madaktari wema wakiwaponza watu wao kwa upole wa maneno.

Wala wasomaji wasidhani kwamba mahakama kubwa zitarekebisha mizani hiyo baadaye bila taabu. Mwezi wa Machi 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa mahakimu 7 dhidi ya 2, iliamua kwamba mahakama ya rufani za askari haipimi upya kila jambo kuhusu mizani hiyo. Katika hukumu ya mambo ya hakika hutazama tu kama Bodi iliyo chini yake imekosea waziwazi. Maana yake kwa mtu wa kawaida ni kwamba yampasa kuujaza upande wake wa mizani mapema, faili lingali chini, asingoje kuulalamikia juu.

Na hapa twafikia jambo la madaftari. Tarehe 12 Julai 1973 moto uliwaka katika ghala la kumbukumbu za jeshi karibu na mji wa St. Louis. Mafaili kati ya milioni 16 na milioni 18 yaliteketea. Katika askari wa nchi kavu walioachiwa kati ya mwaka 1912 na mwanzo wa 1960, mafaili 80 katika kila 100 yalipotea. Katika wanahewa walioachiwa kati ya 1947 na mwanzo wa 1964, mafaili 75 katika kila 100 ya wale ambao majina yao yafuata jina la Hubbard katika abjadi. Hapakuwa na nakala. Hapakuwa hata na fahirisi kamili ya kuonyesha ni nini kilichokuwamo. Kila karani asomaye haya atasikia baridi mgongoni. Mtu alipigana Korea, jina lake laanza kwa herufi W, na leo hana karatasi wala hakuna awezaye kusema kama iliwahi kuwapo.

Je, hasara hiyo iwe juu ya nani? Sisi twasema bila kusita kwamba iwe juu ya mwenye ghala. Mahakama yao ilisema karibu hivyo mwaka 1991, kwamba karatasi za askari zikipotea mikononi mwa Serikali, wajibu wa waamuzi kueleza sababu zao na kuutafakari ule upendeleo wa shaka huzidi. Wajibu kuzidi ni jambo jema, lakini hautoi jibu. Mzee wa namna hiyo hatakiwi kukaa kimya akingoja moto wa 1973 umrudishie karatasi. Atafute barua alizompelekea mkewe, picha zenye tarehe, vyeti vya hospitali ya mjini alikokwenda mara baada ya kuachiwa. Atafute pia maneno ya wenziwe. Askari aliyekuwa naye aweza kuandika na kutia sahihi kwamba alimwona akichukuliwa kwa machela. Mke aweza kuandika jinsi mumewe alivyorudi haliwezi tena usingizi. Sheria huyapokea maneno ya watu wasiokuwa madaktari katika mambo waliyoyaona kwa macho yao. Wengi hawajui hilo, wakadhani kwamba pasipo muhuri hapana ushahidi.

Sisi wa Afrika ya Mashariki tusilione jambo hili kuwa la ajabu. Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zapata majina yao kutoka kwa kikosi cha wapagazi wa vita vya 1914 mpaka 1918. Wapagazi wengi mno walikufa, na wengi katika hao hawakuandikwa vizuri, au waliandikwa kwa majina ambayo ndugu zao wasingeyatambua. Asiyeandikwa hakudaiwa na mtu. Ndiyo maana sisi huwa wakali kwa vijana wanaoingia ofisini na kuona kwamba kazi ya daftari ni kazi ya kupoteza siku.

Sasa tuje kwenye barua yenyewe. Sheria ya rufani iliyotiwa sahihi mwezi wa Agosti 2017, na kuanza kutumika tarehe 19 Februari 2019, imeamuru kwamba barua ya uamuzi iwe na mambo saba. Iseme ni madai gani yaliyoamuliwa, ushahidi gani uliotazamwa, na sheria gani zilizotumiwa. Itaje mambo yaliyoonekana kuwa upande wa mwombaji, na kama amekataliwa, itaje ni sehemu gani iliyopungua. Ieleze jinsi ya kuupata ushahidi uliotumiwa. Na pale ipasapo, ionyeshe ni nini kingetakiwa ili akubaliwe au apandishwe daraja. Twasema kwa haki kwamba barua ya namna hiyo ni heshima kwa karani na kwa mwandikiwa. Laiti ingekuwa hivyo katika ofisi zote tuzijuazo! Barua isemayo “ombi lako limefikiriwa kwa uangalifu na haliwezi kukubaliwa” yamfunga mtu macho. Yampa mlango bila kumwambia uko ukuta upi.

Katika mambo hayo saba tungependa msomaji alikazie macho lile la nne. Jambo lililokwisha kukubaliwa upande wa mwombaji huwafunga waamuzi wanaofuata, isipokuwa patokee ushahidi ulio wazi wa kulipinga. Basi kama barua ya kukataa yakiri kwamba mtu kweli ni mgonjwa, na kwamba kweli aliumia jeshini, hana haja ya kubishana tena juu ya mawili hayo. Amebakiwa na kiungo tu. Lakini watu wakishaona neno la kukataliwa katika ukurasa wa kwanza huikunja barua na kuitupa kabatini, na yale yaliyo mema katika ukurasa wa tatu hayasomwi kabisa.

Aliyekataliwa ana njia tatu. Aweza kupeleka dai la nyongeza, kwa fomu namba 20-0995, pamoja na ushahidi mpya unaohusu jambo lenyewe. Aweza kuomba afisa mkubwa zaidi aliangalie faili upya, kwa fomu namba 20-0996. Au aweza kwenda moja kwa moja kwa Bodi ya Rufani za Askari wa Zamani, kwa fomu namba 10182, mbele ya hakimu. Na huko tena achague kama hakimu atatazama yaliyomo tu, au atapokea ushahidi zaidi katika siku 90, au atamsikiliza mwenyewe akisema.

Kosa kubwa tulionalo ni hili, kwamba mtu hukimbilia njia ya pili kwa sababu ya hasira. Neno “afisa mkubwa” lamfurahisha. Aona kwamba sasa mdogo atakemewa. Hajui kwamba afisa huyo haruhusiwi kutazama hata karatasi moja mpya. Hutazama yaleyale aliyoyatazama mdogo, aone kama alikosea. Njia hiyo yafaa sana pale ambapo karani wa kwanza aliruka cheti kilichokuwamo, au alihesabu vibaya, au Idara yenyewe ilishindwa kutimiza wajibu wake wa kumsaidia mwombaji kutafuta kumbukumbu. Mwombaji au msaidizi wake aweza kuzungumza na afisa huyo kwa simu na kumwonyesha kosa. Lakini aliyekosa cheti cha kiungo, akienda huko bila cheti, ataambiwa neno lilelile na mtu mwenye mshahara mkubwa zaidi. Huyo imempasa njia ya kwanza, na asione haya kwamba ni njia ya chini.

Kwa habari ya kuhesabu, tuwadokezee wenzetu wa idara za fedha jambo litakalowachekesha. Vilema hupimwa kwa makumi, toka 10 mpaka 100 katika mia. Mwenye kilema cha 50 na kingine cha 30 hapati 80. Huhesabiwa kwanza kuwa amebaki nusu mtu. Kisha 30 katika mia ya nusu hiyo ni 15. Jumla 65, ambayo huongezwa kuwa 70. Askari wengi wamepeleka malalamiko wakidhani wameibiwa kumi, nao hawakuibiwa. Ni vema mtu aelezwe hesabu hii kabla hajapoteza rufani yake kwa jambo lisilo kosa.

Juu ya muda twataka kukaa kidogo. Afisa mkubwa na Bodi huombwa katika mwaka mmoja tangu tarehe ya barua. Dai la nyongeza laweza kupelekwa wakati wowote, ila likipelekwa ndani ya mwaka huo, tarehe ya kuanzia malipo yaweza kubaki ileile ya dai la kwanza. Likichelewa, malipo huanza upya, na miaka iliyopita imekwenda na maji. Bodi ikikataa, mahakama hungoja siku 120.

Mahakama zimeona huruma mara moja na kuikataa mara nyingine. David Henderson alipigana Korea, akaachiwa mwaka 1952 akiwa na ugonjwa mkubwa wa akili. Rufani yake mahakamani ilichelewa siku 15, ikatupwa. Mahakama ya Juu iliamua mwaka 2011 kwamba muda ule wa siku 120 si ukuta usiopitika. Lakini Henderson mwenyewe alikuwa amekwisha kufa mwaka 2010, na kesi ilishikwa na mjane wake. Miaka 12 baadaye, Januari 2023, ilikuja kesi ya Adolfo Arellano, baharia aliyeacha kazi mwaka 1981, naye pia mgonjwa wa akili. Dai lake halikupelekwa mpaka mwaka 2011, kwa mkono wa nduguye. Alikubaliwa kulipwa tangu 2011, lakini si tangu 1981, na Mahakama ya Juu kwa sauti moja ikasema kwamba sheria ya tarehe ya kuanzia malipo haina mlango wa huruma kwa mtu ambaye ugonjwa wenyewe ulimzuia asidai. Twaiheshimu mahakama, wala hatusemi kwamba iliisoma sheria vibaya. Twasema sheria yenyewe ni ngumu. Kumtaka mtu aliyerukwa na akili aijaze fomu kwa wakati, na kisha kumhesabia miaka 30 kuwa ni uzembe, ni jambo ambalo Bunge lao lingeweza kulirekebisha kwa mistari miwili.

Bunge hilo limewahi kufanya makubwa zaidi. Kwa sheria ya tarehe 10 Agosti 2022, waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka katika Irak na Afuganistani, kwa maradhi yaliyotajwa humo, hawatakiwi tena kuthibitisha kiungo. Sheria yakihesabu kuwa kipo. Aliyekataliwa kabla ya 2022 kwa ugonjwa wa namna hiyo anaweza kupeleka dai la nyongeza leo. Tuna hofu kwamba wengi waliokataliwa mwaka 2012 au 2015 wangali wanaiamini barua ile ya zamani.

Wako wasemao kwamba kuwafundisha watu rufani ni kuwafundisha ulafi, na kwamba katika madai mengi yamo ya uongo. Hatukatai kwamba yamo. Idara ina madaktari wa kupima, ina madaftari, na ina sheria za kumshitaki mdanganyifu, na iwashitaki. Lakini mwongo mara nyingi hujua njia zote na huzifuata hata mwisho, hali mtu mkweli aliyeumizwa na barua moja hukaa kimya kwa heshima yake. Kwa hiyo ugumu wa njia huwachuja wakweli kwanza.

Hatimaye, habari ya wasaidizi. Tangu mwaka 1864 mpaka 1988 wakili hakuruhusiwa kupokea zaidi ya dola 10 kwa kesi ya askari, na hivyo mawakili wengi hawakuzigusa. Siku hizi wakili au wakala aliyeidhinishwa na Idara aweza kutoza ada baada ya uamuzi wa kwanza, si kabla. Na ada isiyozidi 20 katika mia ya malipo ya nyuma huhesabiwa kuwa ya haki. Vyama vya askari wa zamani, kama American Legion na Disabled American Veterans, vina watu walioidhinishwa ambao hufanya kazi hiyo bure. Tena wamezuka watu wasioidhinishwa, wanaotoza hata kwa dai la kwanza na kutaka sehemu ya malipo ya mbele. Jambo hilo limekatazwa, lakini adhabu ya jinai iliondolewa mwaka 2006, nao waijua sheria hiyo vizuri kuliko zote.

Wanachama walio katika posta na katika ofisi za wilaya huenda wakaletewa barua hizi na watu wa nyumbani: mzee aliyerudi, au mama ambaye mwanawe hataki tena kuzungumza na mtu. Twawaomba wasianze na kutafsiri neno la kukataa. Watazame kwanza tarehe iliyo juu ya barua, maana mwaka huhesabiwa toka hapo, si toka siku mfuko wa posta ulipofika kwetu, na miezi miwili ya kwanza mara nyingi imekwisha kuliwa na safari. Kisha wafungue ukurasa wa mambo yaliyokubaliwa, wamsomee polepole.